Barua ya wazi kwa vijana Wapemba na Wamakonde wa Kwale na Kilifi: kitambulisho si deni

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote, wa msikitini na wa kanisani.

Tarehe 10 Agosti 2027 Kenya itapiga kura, na wengi wenu itakuwa mara ya kwanza au ya pili. Wagombea wameshaanza kupita. Wanafika ufuoni asubuhi vyombo vinapoingia, wamejifunga vikoi, wanapigwa picha wameshika nguru, kisha wanasema: "Serikali yetu ndiyo iliyowapa vitambulisho." Neno hilo ndilo lililoniketisha kuandika.

Wamakonde, babu zenu walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa kabla nchi hii haijapata uhuru. Waliishi hapa bila karatasi mpaka Oktoba 2016, wazee wenu na mama zenu walipotoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao. Mwaka uliofuata Uhuru Kenyatta akawatambua kuwa kabila la 43. Wapemba, nyinyi mmevua bahari hii vizazi kadhaa, mkazaa na kuzika hapa, lakini kutambuliwa kwenu kulikuja mwaka 2023 chini ya William Ruto. Kushukuru ni adabu, na mlishashukuru. Kulipa kwa kura ni jambo jingine kabisa. Mtu hawezi kukukopesha kilicho chako.

Nyinyi mnajua kukosa kitambulisho kulivyokuwa. Mvuvi hana leseni, akiona boti ya doria anageuza. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la jirani, na pesa za samaki zinaingia M-Pesa ya jirani huyo, naye ndiye anayeamua lini azitoe. Mwenye kupitia hayo hapaswi kuuza haki yake kwa jezi na mpira. Nyinyi ni wavuvi, mnajua chambo kinawekwa kwa nini.

Mjue pia kwa nini mnatafutwa. Mwaka 2022 Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211 nchi nzima. Pengo dogo kama hilo linamfanya mwanasiasa akumbuke hata kijiji alichokisahau. Lakini vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 ya waliojiandikisha mwaka ule, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko 2017. Tangu Juni 2024, vijana wa Gen Z walipoandamana hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa, kila mheshimiwa amejifunza Sheng na kucheza TikTok. Vijana waliuawa katika maandamano yale. Inanichoma moyo kuona jibu wanalopewa wenzao ni densi.

Kwa kura ya urais nyinyi ni wachache. Kwa kiti cha mwakilishi wadi, kura mia mbili zinaweza kumpa mtu ushindi au kumnyima. Huko ndiko mkaze. Muulizeni mgombea wa wadi kuhusu hati za ardhi za Makongeni, kijiji cha Wamakonde, barafu ya kuhifadhi samaki, na basari inagawiwa kwa orodha ya nani. Akijibu, aandike na atie sahihi mbele ya wazee, na wapinzani wake waitwe wafanye vivyo hivyo. Msikubali vijana watatu wajiite viongozi wenu, wakafunge mkataba hotelini usiku.

Halafu kuna orodha ya vyama, ambayo wengi hawaiulizi. Katiba ya 2010 inataka vijana na jamii ndogo wawakilishwe, na viti vya kuteuliwa kwenye bunge la kaunti vipo kwa ajili hiyo. Chama hupeleka majina ya watakaopewa viti hivyo kwa IEBC, tume ya uchaguzi, angalau siku 45 kabla ya uchaguzi. Mara nyingi kijana anapiga debe miezi sita juani, kisha orodha ikitoka imejaa mashemeji. Ulizeni majina mapema, kabla hamjavaa fulana ya mtu.

Pesa ya kura ni kosa kwa anayetoa na kwa anayepokea. Na akija mtu kuwaomba vitambulisho "awatunzie" mpaka uchaguzi upite, mfukuzeni. Huyo amekwishahesabu kwamba hamtampigia.

Kujiandikisha kunaendelea katika ofisi za IEBC za maeneo bunge. Nendeni sasa, msingoje foleni ya mwisho.

Lipo swali moja nataka mumuulize kila mgombea. Miongoni mwetu bado wapo wenye asili ya Burundi na Rwanda, waliozaliwa nchini humu, wasio na kitambulisho hadi leo. Hawawezi kumpigia kura. Mwambieni awaeleze atawafanyia nini watu hao, na msikilize atakavyojibu.

Mzee wenu,
Msambweni