Klorini haipimwi kwa jicho

Mhariri,

Janga likibisha hodi, kila wodi huwekewa ndoo ya klorini, na hapo ndipo makosa huanzia. Dawa ya maji yenye klorini ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji ili kupata asilimia 0.5, ya kusafishia damu na matapishi. Ya unga, asilimia 70, ni gramu 7 kwa lita.

Damu iliyomwagika huimaliza klorini nguvu kabla haijaua chochote. Kwa hiyo ifunike kwa kitambaa, mimina dawa juu yake, subiri dakika 10, kisha ondoa. Osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake klorini tena. Ndoo ifunikwe, isikae juani, na mchanganyiko ubadilishwe kila siku. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya sumu.

Na vile vibanda vya kunyunyizia watu visirudi! Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilivikataa: klorini huunguza macho na mapafu, wala haigusi virusi vilivyo ndani ya mwili.

Mdau wa afya,
Tanga