Mwanangu, usilipe hiyo kinga kwanza

Mwanangu,

Audio yako nimeisikiliza, usiku nikaisikiliza tena pamoja na mama yako, na usingizi ukakataa. Unasema umepata kinga, yaani baiskeli, ya siklokrosi, yale mashindano yenu ya matope, ni ya okazyo, imeshatumika, euro 650, kadre (fremu) namba 54, anayeuza ni bwana mmoja wa klabu yenu hapo Gent, na Jumamosi unaenda kulipa. Mama, binti yangu, usilipe. Acha kwanza. Wewe una mita 1 na sentimita 55, na 54 ni kinga ya mtu wa mita 1 na 75 hivi, hata akikupunguzia bei, hata akikupa bure, haikutoshi.

Halafu ukasema utashusha kiti. Hapo nilikasirika, sikufichi, juu wewe ni mtoto wa fundi na umekulia katikati ya hizi pedali. Kushusha kiti kunasaidia miguu tu, gidoni (usukani) inabaki kule kule mbali. Utanyoosha mikono mpaka iwe migumu, na mkono uliokauka haupokei mtikisiko, kila mzizi wa mti utaupigia kwenye mabega na shingo. Utasogeza kiti mbele? Basi goti linapita mbele ya pedali na baada ya wiki chache utaanza kunilalamikia goti. Utabadilisha kile chuma kinachoshika gidoni, utoe cha milimita 100 uweke cha 60? Hapo umepata sentimita 4 tu, na gidoni inakuwa nyepesi mno, inageuka kabla hujaamua kugeuka. Njo maana nasema kadre kwanza, hayo mengine yote ni ya kurekebisha kidogo kidogo baada ya kadre kuwa sawa.

Fanya hivi leo jioni. Vua viatu, simama mgongo kwenye ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya miguu ukivute juu mpaka kikubane kweli, kama unavyobanwa na kiti, mwenzako wa chumba aweke alama ukutani, mpime kutoka chini mpaka hapo. Namba hiyo zidisha kwa 0.883, utapata urefu kutoka katikati ya ekseli ya pedali, ile ya chini ya kadre pedali zote mbili zinapozungukia, mpaka juu ya kiti. Tuseme umepata 72, basi kiti chako kiko kama 63 na nusu, na kwa siklokrosi wengi wanashusha kidogo tena, juu mnashuka na kuruka kiti kila saa. Sasa chukua hiyo 72 uende kusimama juu ya 54 ya huyo bwana, kile chuma cha juu mara nyingi kinakaribia sentimita 80 kutoka chini. Unaelewa ninachosema? Siku utateleza kwenye matope ukatafuta ardhi kwa mguu hutaikuta, utakikuta chuma.

Namba iliyoandikwa kwenye kadre usiiamini sana. Kiwanda kimoja kinapima bomba la kiti mpaka juu kabisa, kingine kinaishia katikati ya bomba la juu, kwa hiyo 48 ya huyu inaweza kuwa 46 ya yule. Uliza urefu wa bomba la juu ukipimwa kwa mstari wa usawa, kwako itakuwa karibu na 50, na uliza pia kutoka ekseli ya pedali kwenda mbele mpaka kichwa cha kadre ni ngapi, hicho njo kipimo hakidanganyi. Juu kuna viwanda vinachukua kadre ndogo, vinasimamisha bomba la kiti wima zaidi ili bomba la juu lionekane fupi kwenye karatasi, na wewe ukikaa unajikuta umesukumwa mbele na gidoni bado ni mbali.

Kuna jambo lingine linaniogopesha kuliko yote, nalo ni kidole cha mguu. Kwenye kinga ndogo yenye magurudumu makubwa ya 700, tairi la mbele linakuja karibu na kiatu, ukikata kona kali polepole tairi linagusa ncha ya kiatu na unaanguka bila kujua kimetokea nini. Hapa Katuba, Lubumbashi, naliona kwa wabeba makala, yaani makaa, mtu akigonga shimo uma unapinda kurudi nyuma, analeta kinga na kabla hajafungua mdomo naangalia kandambili yake: upande wa kidole kikubwa mpira umelika, umekatwa kama kwa msumeno. Ni tairi. Wao wako barabara ya Kasenga, wananyoosha tu na mzigo, kona kali hawana. Ninyi siklokrosi yenu ni kona tupu. Kwa hiyo ukiijaribu kinga yoyote, kaa juu, weka pedali mbele sawa na ardhi, geuza gidoni pole pole uangalie. Ikigusa sana, ondoka. Yenye uma uliolala kidogo mbele inasaidia, na manivela fupi pia, ile mikono inayoshika pedali, kwako milimita 165, sio hiyo 172.5 ambayo najua itakuwa kwenye kinga ya mtu mrefu. Wengine watakuambia uchukue gurudumu dogo la 650b. Si vibaya, na sheria ya mashindano haikatazi, lakini tairi za kashata, zile za meno meno, za milimita 33, ambao njo mwisho wanaoruhusu, kwa gurudumu hilo utazitafuta mpaka uchoke.

Na freni. Mikono yako ni ya bibi yako, vidole vifupi. Ukishika gidoni chini, vidole viwili lazima vifike kwenye freni bila kuhama. Nyingi za siku hizi zina kiskrubu cha kuleta mkono wa freni karibu, mwambie muuzaji akuonyeshe, asikuambie kwa mdomo. Gidoni yenyewe upana iwe ya sentimita 38 au 36, ya 44 ni ya mabega ya wanaume.

Mimi nimesoma, usidhani nabahatisha. Mashindano ya dunia ya siklokrosi yalianza Paris 1950, na wanawake wakapewa ya kwao mwaka 2000 tu, pale Uholanzi, akashinda Hanka Kupfernagel wa Ujerumani. Miaka 50 yote wanaume peke yao! Kinga zilikuwa zinatengenezwa kwa ajili yao, kwa hiyo sishangai ukikosa ndogo kwenye okazyo. Lakini tangu hapo Marianne Vos amechukua mara 8, na huyo wa huko kwenu Ubelgiji, Sanne Cant, akachukua tatu mfululizo, 2017, 2018, 2019. Wasichana wamejaa huko sasa, na msichana mfupi aliyeanza miaka ya nyuma leo anauza yake. Uliza kwenye klabu za wasichana, uliza wazazi wa vijana wanaokua, mtoto anaacha kinga yake baada ya msimu mmoja, haijachoka hata. Hapo utapata kadre ya 44 au 46 nzuri. Usiniambie umekosa muda, muda wa kunitumia picha za chakula unao.

Bega nalo liangalie. Najua mnabeba kinga mkipanda ngazi, kwenye ndogo ile nafasi katikati ya kadre ni finyu, mkono haupiti vizuri. Ijaribu dukani, ibebe kweli, panda nayo ngazi bila kuona haya. Ikikataa begani, itabidi uishike kwa bomba la juu kama sanduku, na hiyo si neno, bora hivyo kuliko kadre kubwa.

Najua utanijibu kwamba ulijifunzia kinga ya gurudumu la inchi 28, mguu umepita chini ya chuma. Ilikuwepo hiyo tu nyumbani, mama. Kama ingekuwepo ingine ningekupa ingine. Sasa uko mahali ziko, njo maana sitaki urudie.

Lakini nimefurahi. Jirani akiuliza mtoto anasoma nini namwambia na mashindano anafanya, picha yako ya matope nimeibandika kwenye mlango wa atelye, wateja wanauliza huyu ni nani, nawaambia ni wangu.

Huku sio mbaya. Jua ni kali na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sufuria, tunangoja mvua ya Novemba na bati za upande wa jikoni bado hazijabadilishwa. Mama yako presha imeshuka, ila chumvi haachi, mwambie wewe, mimi ananinunia. Umpigie Jumapili, sio kuandika, kupiga, anakaa na simu kwenye kitenge siku nzima akitoka kanisani. Mdogo wako minerval, ile hela ya shule, imelipwa nusu, nusu nyingine nitamaliza yule mzee wa komini ya Kenya hapa mjini akilipa zile kinga zake tatu. Hela yako usitume mwezi huu. Nasikia unataka kutuma, usitume, iongezee kwenye kinga inayokutosha, hata ikifika 800 mimi nimekubali, bati zitangoja.

Yule bwana mwambie asante, mwambie baba amekataa, hatakasirika, kinga yake itapata mrefu mwenzake. Na usilipe arbuni pia, maana nakujua, utasema ni arbuni tu.

Vipimo vya mguu na vya mikono nitumie kabla ya Ijumaa. Ukiona siko hewani ujue umeme umekatika, tuma kwa yaya, mkubwa wako, yeye ana sola, ataniletea kwenye karatasi. Na picha ya kinga yoyote utakayoona uipige kwa ubavu, wima, mnyororo upande wako, sio hizo za kuinamisha simu, maana hazipimiki.

Baba yako