Miligramu 2 si kidogo kuliko 5

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita.

Shangazi yangu, mama wa miaka 68, aliandikiwa na daktari diazepamu, dawa ya kutuliza na kulegeza misuli, ya mg 5, ameze usiku kwa siku chache tu, maana misuli ya mgongo ilikuwa imemkaza hadi kuinama kufagia hawezi. Akaenda duka la dawa hapa Arua, Uganda, akaambiwa diazepamu imeisha. Muuzaji akatoa pakiti nyingine, klonazepamu ya mg 2, akamwambia hii ni ndugu yake ile, na usiogope mama, hii ni mbili tu ile ilikuwa tano. Asubuhi nilipopita kumjulia hali nimemkuta kwenye mkeka, kikombe kimelala mkononi, chai inamwagikia kitenge na yeye hana habari, nikimwita anaitika baada ya muda na maneno yanatoka mazito kama mtu aliyechomwa ganzi. Kusimama miguu ikakataa kabisa. Tukambeba hospitali, nashukuru Mungu siku ya pili akarudi sawa.

Mimi nafundisha kemia sekondari, na kilichoniuma ni ile hesabu ya mbili na tano, kwa sababu najua wengi wetu tungeikubali. Lakini dawa hizi huwezi kuzilinganisha kwa miligramu, ni kama kusema kijiko cha pilipili mbuzi ni sawa na kijiko cha pilipili hoho kwa vile zote ni pilipili.

Ni kweli ni ndugu. Zote ni benzodiazepini, yaani pete ya benzini yenye kaboni 6 imeunganishwa na pete nyingine ya pembe 7 yenye naitrojeni 2 ndani, alafu pete ya tatu inaning'inia pembeni. Leo Sternbach wa kampuni ya Roche ndiye aliyezigundua, na diazepamu ikaingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Sasa chukua ndugu yao mwingine, nitrazepamu, umbo ni lile lile, kwenye ile pete inayoning'inia toa haidrojeni moja weka klorini, umepata klonazepamu. Atomu moja tu! Lakini nitrazepamu mtu anapewa mg 10 na klonazepamu nusu miligramu inakaribia kufanya kazi hiyo hiyo. Usidhani ni bahati, oksazepamu ukiiwekea klorini mahali pale pale inakuwa lorazepamu, na mg 1 ya lorazepamu madaktari wanaikadiria sawa na mg 15 hadi 20 ya oksazepamu. Klorini ile inaifanya molekuli ishike vizuri zaidi pale inapotakiwa kushika kwenye ubongo, ambapo kemikali yetu wenyewe inayoitwa GABA inafungua milango ya kutuliza neva, na dawa inaifanya GABA iifungue mara nyingi zaidi.

Kwa makadirio hayo hayo nusu miligramu ya klonazepamu ni kama diazepamu mg 10. Piga hesabu ya shangazi mwenyewe mhariri, alimeza kitu kama mg 40 kwa usiku mmoja, mara nane ya alichoandikiwa, na aliambiwa kimepunguzwa.

Tena siyo nguvu peke yake, hata muda dawa inaokaa mwilini umeandikwa kwenye umbo. Diazepamu ina kikundi kidogo cha methili (kaboni moja na haidrojeni tatu) kwenye naitrojeni, ini linakikata, na kinachobaki nacho kinatuliza, kinaweza kukaa siku kadhaa, kwa mzee ndiyo zaidi, kwa hiyo anayemeza kila siku inajazana. Lorazepamu yenyewe ina haidroksili (oksijeni na haidrojeni) tayari, ini linaiandaa hapo hapo itoke na mkojo, nusu yake inaisha kwa saa 10 hadi 20. Na fenobabitoni ambayo wengi tunaijua kwa kifafa ni ukoo mwingine kabisa, pete yake ni nyingine, hiyo dozi ikizidi inaweza kufungua ile milango hata bila GABA na ndiyo maana inazima pumzi kirahisi. Benzodiazepini nayo ukiichanganya na waragi, ile pombe kali, pumzi inaweza kwisha usingizini, naomba hili lisomwe mara mbili.

Ninachoomba ni kidogo. Ninyi wauzaji, dawa ya kutuliza ikiisha mwambieni mgonjwa imeisha, arudi kwa daktari, msimchagulie ndugu yake. Na wewe uliyepewa, soma jina siyo namba peke yake, na kama umezimeza wiki nyingi usiache ghafla bila daktari maana zinaweza kuleta degedege. Gazeti lako pia mhariri, ukurasa wa afya ungetoa majina ya dawa hizi na tofauti zake kwa Kiswahili, kwa sababu ile karatasi ya ndani ya pakiti ninayo hapa mezani, yote ni Kiingereza kwa herufi ndogo kama chungu, na shangazi anasoma Kiswahili vizuri sana.

Mwalimu wa kemia,
Arua