Ng'ombe wako sio mkorofi, angalia kwanza pale unapomsimamisha kumkamua

Wadau wafugaji habari zenu, poleni na mvua.

Simu tunayopigiwa sana hapa karakana ni ile ya "fundi nina ng'ombe mkorofi, anapiga mateke anamwaga ndoo, nitengenezee kibanio cha kumbana asifurukute". Sisi ni watu wa kuchomelea, bomba zipo mashine ipo, tungeweza kukata chuma siku hiyohiyo na hela tukapokea. Ila kwa muda tuliofanya hii kazi huku Arumeru, Arusha, tumejifunza kuuliza kwanza swali moja, huyo ng'ombe ukimkamua anasimama wapi na anasimamaje? Maana mara nyingi ng'ombe hana tatizo lolote, tatizo ni pale mahali.

Mfano mama mmoja wa upande wa Akheri alinipigia mwezi wa nne, masika imekolea. Nikamwambia mama nitakuja alfajiri, nataka nimuone akikamuliwa, sitaki kuona banda tupu. Nimefika saa kumi na moja, "shikamoo mama", "marahaba baba karibu, huyo hapo muuaji wangu". Chotara wa Friziani mzuri tu, macho ya upole. Kafungwa kamba miguu ya nyuma, mkia kafungwa, kijana kashika kichwa, na mama kachuchumaa na ndoo yake. Nikasimama pembeni kimya nikaangalia. Sakafu imepigwa niru inang'aa kama sebule, kwato za nyuma zinateleza kidogo kidogo na kila zikiteleza ng'ombe anakanyaga upya. Balbu imewekwa nyuma ya mama, kwahiyo mama akiinuka au akigeuza mkono kivuli kikubwa kinapita ukutani mbele ya uso wa ng'ombe, na ng'ombe anaona karibu kila upande isipokuwa nyuma yake kabisa, yani kile kivuli hakimpiti. Alafu pumba ziko kwenye beseni chini, analisukuma kwa pua linaenda mbele na yeye analifuata hatua moja, mama naye anaburuta ndoo kumfuata. Pumba zikaisha maziwa hata nusu bado. Hapo ndo teke likaja, na mimi kwakweli nilishaliona linakuja.

Yule mama hakuhitaji chuma kizito. Tulihamisha balbu ikaja juu mbele, tukachonga mifereji kwenye sakafu ya upana kama wa kidole, tukajenga hori dogo la mbele lisilosogea. Kibanio tulimtengenezea baadae na ni chepesi tu, kazi yake ni kumuonesha ng'ombe mahali pa kusimama.

Nieleze kidogo kwanini hili ni la maziwa na sio la ustaarabu tu. Ukimsafisha chuchu na kuzishika, ubongo wa ng'ombe unaachia homoni inaitwa oksitosini, inafika kwenye kiwele kwa damu na kubana vile vifuko vidogo ndani ili maziwa yashuke. Inachukua kama dakika moja hivi kuanza, na nguvu yake inadumu dakika tano mpaka nane, baada ya hapo unavuta chuchu bure. Sasa ng'ombe akishtuka au akiumia mwili unamwaga adrenalini, na hiyo inaziba ile kazi yote, wenyewe mnasema "ng'ombe kazuia maziwa". Hajazuia kwa makusudi jamani. Kaogopa. Maziwa yanabaki ndani, kesho anatoa pungufu, yakibaki mara kwa mara ugonjwa wa kiwele unapata nafasi, na mwisho lawama anapewa ng'ombe, au yule aliyekuja kumpandisha kwamba kaleta mbegu mbaya.

Nasema haya kwa uchungu kwasababu sisi wenyewe tulikosea. Vibanio vyetu vya kwanza tulivitengeneza vyote kipimo kimoja, upana sentimita 90, tukiwaza kikiwa kipana ng'ombe yoyote ataingia. Na sehemu ya shingo tukaifanya kama herufi V, juu pana chini nyembamba, tuliona kwenye picha tukapenda. Kuna mteja alikuwa na chotara wa Jersey, mdogo, kwenye ule upana alijaribu kugeuka, mguu ukateleza akaenda chini na shingo ikashuka mpaka pale V inapobana. Mfugaji alikuwepo akachomoa pini haraka, ng'ombe akaanguka nje anakoroma. Alipona. Mimi nilienda jioni ileile nikakaa pale bandani muda mrefu nikiangalia kile chuma nilichokichomelea kwa mkono wangu. Vyote tulivyokuwa tumeshauza tulivirudisha karakana tukavitengeneza upya kwa gharama yetu, na tangu siku hiyo shingo tunaweka bomba mbili zilizonyooka wima kutoka juu mpaka chini karibu na sakafu, ili ng'ombe hata akipiga magoti au akilala shingo inashuka nae bila kukabwa. Na pini ya kufungulia lazima iwe upande wa mkamuaji, usawa wa mkono wake, ifunguke hata kama ng'ombe kaegemea kwa uzito wote. Tunaijaribu hivyo kabla haijatoka karakana, kijana mmoja anaegemea mwingine anachomoa.

Kwahiyo siku hizi kabla ya kukata bomba hata moja tunakuja na futikamba. Tunampima ng'ombe akiwa anakula, ametulia, sio kamba shingoni watu wanne wamemshikilia. Cha kwanza upana wa nyonga, ile mifupa miwili inayochomoza juu nyuma. Friziani mkubwa anakuja kama sentimita 55 mpaka 60, sisi tunaongeza upana wa kiganja kila upande na hapo unapata kibanio cha kama 70 mpaka 75. Hapo hageuki, ila pia habanwi mbavu, maana kumbuka anakula na anapumua na tumbo linajaa. Jersey ni mwembamba zaidi, na ukimuingiza kwenye kibanio cha Friziani inakuwa yaleyale ya yule aliyeanguka.

Cha pili ndo watu wengi hawakijui na kwangu mimi ndo roho ya kazi yote, urefu kutoka kidari mpaka shina la mkia. Mbele ya kidari tunaweka bomba moja la kumzuia asisogee, na nyuma tunaweka jingine au mnyororo. Bomba la kidari likiwa mbali sana ng'ombe anatembea hatua mbele hatua nyuma na kiwele hakikai mahali pamoja. Likiwa karibu sana anakunja mgongo, miguu ya nyuma inasimama kwenye ukingo wa sakafu, anaumia na huyo lazima atapiga. Ukilipata sawasawa kiwele kinakuja palepale kila siku, mkamuaji anaweka kigoda chake na ndoo yake bila kutafuta, na ng'ombe mwenyewe baada ya siku chache anaingia anajipanga bila kuambiwa. Sasa wewe una ng'ombe watatu wa urefu tofauti, ufanyeje? Tunatoboa matundu kwenye nguzo kila baada ya sentimita kumi, bomba la kidari linahama kwa pini. Nusu dakika tu.

Cha tatu ni urefu wa kwenda juu, kutoka sakafuni mpaka chuchu na mpaka mbavu za chini. Upande wa mkamuaji bomba la ubavu lazima lipite juu ya kiwele na liache mkono uingie wazi, usimuwekee mkamuaji chuma pale kiwiko chake kinapofanya kazi, tumeona mafundi wanaweka bomba tatu upande huo kama geti la shule, mkamuaji anaingiza mkono kwa kupinda. Mwenye mashine ya ndoo ya kukamulia tunamshauri ng'ombe apande jukwaa la zege la kama sentimita 40, mgongo wa mkamuaji utamshukuru, ila jukwaa liwe na mteremko mpole wa kupandia maana mwenye mimba kubwa ngazi hazimfai.

Mambo madogo ambayo hayaonekani kwenye picha za matangazo: bolti zote vichwa viangalie ndani ya kibanio na nati zikae nje, mapande yote ya kuchomelea yapigwe grainda mpaka upitishe kiganja bila kukwaruzwa, kwasababu chuchu ikichanika ni hasara ya miezi. Kwenye komeo na bawaba tunafunga vipande vya mpira wa tairi la zamani, geti likifungwa lisilie kang'a. Ng'ombe masikio yake ni makali sana na ile kelele ya chuma kwa chuma kila asubuhi inamfundisha kuogopa mahali pale. Na kama una umeme bandani tafadhali muite fundi umeme akufungie asi, yani waya wa kupeleka shoti ardhini, kibanio ni chuma, sakafu imelowa, wewe una mabuti ya mpira lakini ng'ombe hana, shoti ndogo ambayo wewe huisikii yeye anaisikia kila siku.

Wenye ng'ombe kumi na kuendelea wanatuuliza kuhusu ule mtindo wa mshazari, ule wa mfupa wa samaki. Ulianzia kwa mfugaji Ron Sharp pale Gordonton, Nyuzilandi, mwaka 1952, na mpaka leo unatumika dunia nzima kwasababu wazo lake ni rahisi. Ng'ombe hawapangwi mmoja nyuma ya mwenzake, wanasimama kwa mshazari wa nyuzi kama 30, matako yakielekea kwenye shimo ambalo mkamuaji amesimama, na kiwele kinakuwa usawa wa kiwiko chake. Badala ya kutembea urefu wa ng'ombe mzima kwenda kwa anayefuata anatembea kama mita moja tu. Nyuma yao kuna bomba lililokunjwa zigizaga, kila ng'ombe anaingiza tako lake kwenye kona yake, hapo hata hawafungwi shingo, wanakaa kwa kupangwa tu. Tunaweza kutengeneza, lakini nitakuambia ukweli, kama una ng'ombe wanne hilo shimo litakula zege na hela yako bure, na lisipokuwa na mfereji mzuri wa maji linageuka dimbwi. Vibanio viwili pembeni kwa pembeni vinakutosha kabisa.

Bei sijaandika hapa makusudi, bomba zinapanda na kushuka na kipimo cha ng'ombe wako ndo kinaamua chuma kiasi gani. Bomba la galvanaizi ni ghali kidogo kuliko lile la kawaida la kupaka rangi, ila mkojo wa ng'ombe unakula chuma kuanzia chini, kwahiyo mwenye bajeti ndogo tunamshauri galvanaizi kwa nguzo za chini tu na juu aweke ya kawaida. Ukiwa mbali na Arumeru tutumie picha tatu, ya ng'ombe kwa pembeni akiwa amesimama sawa, ya nyuma, na ya sakafu ikiwa imelowa, pamoja na vile vipimo vitatu. Usiosheoshe banda kwa ajili ya picha, tunataka tulione lilivyo.

Kibanio kikishafungwa siku mbili tatu za mwanzo usikamulie humo. Weka pumba horini, acha geti wazi, aingie ale atoke mwenyewe. Mtamba mwanzishe wiki chache kabla hajazaa, awe anaingia anaguswa guswa ubavu na kiwele kwa upole huku anakula, akija kuzaa pale mahali anapajua tayari. Na ukimaliza kumkamua muwekee majani mbele asimame kama nusu saa hivi asilale kwenye uchafu, maana tundu la chuchu linachukua muda kujifunga. Mama wa Akheri sasa hivi kamba ya miguu ameitundika kwenye msumari ukutani, na mara ya mwisho nilipopita ilikuwa imeota utando wa buibui.