Barua ya wazi kwa mpwa wangu: yule uliyemwona mbugani si mbuni

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeitazama picha yako kwa makini, na nimeyasoma maelezo yako kuhusu mbuni mchanga mwenye shingo iliyovimba, ambaye ulidhani ni mgonjwa. Huyo si mbuni, wala haumwi. Ni tandawala mkubwa, dume aliyekomaa, naye yuko katika msimu wa kutafuta majike.

Ukitaka kumtambua bila shaka yoyote, anza na miguu. Mbuni ana vidole viwili tu kwa kila mguu. Karani tamba, ambaye naye huzunguka mbugani kwa miguu mirefu akiwinda nyoka na panzi, ana vitatu vya mbele na kimoja cha nyuma. Tandawala ana vitatu vya mbele, vifupi na vinene, na cha nyuma hana kabisa, hivyo hata akiwa ameshaondoka unaweza kumjua kwa alama aliyoiacha kwenye tope kando ya dimbwi. Ukosefu wa kidole hicho ndio unaoeleza sehemu kubwa ya maisha yake: kwa kuwa hawezi kushika tawi, hatui mtini, bali hula, hulala na hutaga chini, ilhali karani tamba hupanda juu ya mgunga kulala na kujenga kiota.

Kisha mtazame shingo, ambayo ni ya kijivu yenye mistari myembamba myeusi, na kishungi cheusi kisogoni. Mgongo ni wa kahawia, rangi ya nyasi zilizokauka, na ndiyo maana akisimama tuli macho humpita. Dume huweza kufikia kilo 18, uzito unaomweka miongoni mwa ndege wazito kuliko wote warukao duniani, na jike huwa karibu nusu yake. Kwa uzito huo, kuruka kwake ni jambo la mwisho: akishtuka huondoka kwanza kwa hatua za taratibu, kichwa juu, na akizidiwa hukimbia ndipo apae. Hula panzi, mijusi, mbegu na hata gundi ya migunga. Wakati mwingine ndege wadogo waitwao keremkerem hupanda mgongoni mwake ili wadake wadudu anaowatimua nyasini, na kwangu mimi hakuna jambo la kupendeza kuliko hilo katika mbuga nzima.

Ile shingo, basi. Dume huijaza hewa hadi manyoya yake meupe yatawanyike kama pamba iliyochambuliwa, huinua mkia, hushusha mabawa na kutoa mvumo mzito wa chini. Weupe huo huonekana kutoka mbali sana katika nyasi fupi, na majike huja kumtazama. Baada ya kupandana hana kazi nyingine, kwa maana jike huatamia na kulea peke yake.

Ndiyo sababu nakuomba, ukimwona mmoja mdogo amelala kimya nyasini, usimsogelee ili upate picha nzuri zaidi. Huenda chini yake kuna mayai, kwa kawaida mawili, juu ya ardhi tupu, na ukimfukuza yatabaki wazi kwa jua na kunguru. Mtazame kwa darubini ukiwa garini, kisha mpishe.

Mjomba wako