Mafundi, angalieni majina ya diski kabla ya kufomati

Mhariri, naomba nafasi niseme na mafundi wa kompyuta wa hapa Mombasa, kwa heshima lakini na hasira kidogo pia. Jamani wacheni kufomati diski za watu ovyo.

Duka moja la picha huku Mwembe Tayari stima ilipotea, kurudi seva, ile kompyuta inayoweka picha zote, haitaki kuwaka, fundi kaitwa kachungulia mara moja kasema diski zimekufa, nunua zengine. Na zilikuwa nzima kabisa! Ila mwenye duka alikuwa ashaongeza diski moja ya picha za harusi, majina ya diski yakabadilika, maana Linux, mfumo unaoendesha seva ile, hugawa yale majina ya sda, sdb, sdc kwa jinsi diski zinavyoonekana mashine ikiwaka, ni kama foleni ya feri Likoni, leo wa kwanza kesho wa tatu. Hata flashi iliyosahaulika nyuma ya seva yaweza kuvuruga majina.

Seva ile inatumia ZFS, programu ya kupanga hifadhi, diski kadhaa zimeunganishwa kuwa hifadhi moja, na ZFS yenyewe si jinga, kila diski ina lebo (maandishi ya utambulisho) nakala 4, mbili mwanzo mbili mwisho, kwa hivyo diski inajijua ni ya hifadhi gani hata ikibadilishwa jina. Kinachokwama mara nyingi ni lile faili la zpool.cache, linakumbuka njia za zamani na ndilo linalosomwa wakati wa kubuti, yaani mashine ikiwaka.

Dawa yake haina gharama. Kama ni hifadhi ya data tu, piga amri ya zpool export (kuitoa hifadhi), halafu zpool import -d /dev/disk/by-id na jina la hifadhi (kuiingiza tena), basi. Hapo diski itaitwa kwa modeli na siriali namba, ile ile iliyoko kwenye stika, na siku moja ikifa kweli utajua uchomoe ipi. Lakini kama mfumo wenyewe wa Linux unaishi humo ndani huwezi kuitoa hifadhi huku inatumika, itabidi ubuti kwa flashi yenye Linux, uiingize kutoka huko, uandike lile faili la zpool.cache upya, kisha upige update-initramfs (amri ya kutengeneza upya faili la kuwashia mfumo) kwa wale wa Linux za Debian na Ubuntu, hii ya mwisho wengi huisahau halafu wanalaumu diski. Na usithubutu kupiga zpool create, amri ya kuunda hifadhi mpya, juu ya diski za zamani, hapo ndo umezika picha za maharusi.

Nanyi wenye maduka, kabla hamjatoa pesa za diski mpya mwambieni fundi awaonyeshe zpool status, amri ya kuonyesha hali ya diski, kwenye skrini, akishangaa tafuteni mwengine.

Msomaji,
Majengo, Mombasa