Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ziwa, Mto na Kiangazi cha 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuvua samaki kwa ndoana, na wazee wetu mliofika Leicester mwaka 1972 mkitokea Uganda, mkatufundisha sisi wa juzi namna ya kukaa ukingoni na baridi: shikamooni.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mshindi wa mashindano ya vuli mnamjua, maana hajaacha kutukumbusha. Mimi nitakaa zaidi kwenye alfajiri moja ya Agosti, kwa kuwa karibu yote nitakayowaomba leo yanatokana nayo.

Majira ya kuchipua ya 2025 yalikuwa makavu kuliko yote England kwa zaidi ya miaka 100. Julai eneo letu la Midlands, katikati ya England, likatangazwa kuwa kwenye ukame, kisha kikaja kiangazi chenye joto kuliko vyote vilivyowahi kupimwa Uingereza. Ziwa letu ni shimo la zamani la kokoto. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji yalishuka hadi mbao za vituo vya kuvulia, cha 4 mpaka cha 7, zikabaki zinaning'inia juu ya tope, na mtu akitupa ndoana analazimika kwanza kuyatafuta maji yalipo.

Alfajiri hiyo mlinzi wetu wa ziwa alinipigia simu saa kumi na moja kasoro. Alisema maneno mawili tu: "Wanahema juu." Nilipofika nikawakuta samaki aina ya brimu wamejipanga ukingoni, midomo nje ya maji, kama watoto wanaongojea uji. Samaki wengine, karpi na tenchi, walivumilia, hao hata kwenye tope wanaishi. Waliokufa ni brimu na wenzao rochi, na wengi walikuwa wale wakubwa.

Baadhi yenu mliniuliza iweje samaki wafe usiku wakati joto ni la mchana. Maji ya nyuzi 10 hubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 25 hubeba 8 na kidogo, tena yakiwa yameshiba. Mwani unaolifanya ziwa kuwa la kijani hutoa oksijeni jua likiwaka, lakini usiku huivuta kama sisi. Zikaja siku mbili za mawingu bila upepo, mwani ukafa kwa wingi, na bakteria waliouozesha wakamaliza kilichobaki. Kwa hiyo saa mbaya ni ile ya kabla jua halijachomoza, wakati sisi wote tumelala.

Mkulima mwenye ardhi alituletea trekta na pampu bila kudai hata senti. Tukawa tunavuta maji ya ziwa na kuyarusha hewani yarudi yakiwa na hewa, na kufika saa tatu asubuhi brimu waliobaki wakaanza kushuka chini. Tuliwaarifu pia Wakala wa Mazingira wa England kwa namba yao ya dharura, 0800 80 70 60, inayopokelewa usiku na mchana. Iandikeni kwenye simu zenu. Ukiona samaki wanahema, piga kwanza, kisha ndiyo upige picha.

Na tusijifiche: nasi tulichangia. Wiki ile kulikuwa na watu waliomwaga chambo ndoo kwa ndoo, mahindi na tembe za chakula cha samaki, wakati samaki kwa joto lile hawali. Chambo kisicholiwa huoza chini, na kuoza kunakula oksijeni. Kamati imeamua kuwa kuanzia sasa, maji yakipita nyuzi 22, mwisho ni kopo moja la chambo kwa mtu. Najua kuna wasioipenda sheria hii. Mimi ningeiweka hata ya nusu kopo.

Sasa lile pendekezo la kununua karpi wakubwa kujaza pengo. Nimelisikiliza na sikubaliani nalo. Ziwa lililoshindwa kuwapa hewa brimu halitawatosha karpi wenye uzito wa paundi 20 wanaochimbua sakafu na kutibua tope kutwa. Fedha hizo naomba ziende kwenye mashine ya kutia hewa na kwenye kupanda matete ukingo wa kaskazini, ambako hakuna kivuli kabisa. Brimu na rochi waliobaki watazaana wenyewe.

Katika hilohilo, kuna mwanachama aliyeleta samaki kwenye ndoo kutoka ziwa jingine, kwa nia njema kabisa. Simtaji jina, na ameshaomba radhi. Lakini kuingiza samaki ziwani bila kibali cha Wakala ni kosa la jinai, na kuna virusi vya karpi, maji yakipita nyuzi 16, vinavyoweza kumaliza karpi wote tulio nao. Sisi tuliozaliwa kandokando ya Ziwa Victoria tulipaswa kulijua hili kabla ya kuambiwa. Sangara alipandikizwa kule miaka ya 1950, na leo furu wengi ambao bibi zetu walikuwa wakiwakausha hawaonekani tena.

Kuhusu mto. Sehemu yetu ya Mto Trent ilifunguliwa Juni 16 kama kawaida, maana mitoni hatuvui kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, msimu wa kutaga. Samaki aina ya babeli walipatikana vizuri mwanzoni (wa mtoni, si wa mnara). Agosti tulisimamisha kuwavua, kwa sababu babeli hupigana mpaka nguvu ziishe, na kwenye maji ya moto ukimwachia anageuka tumbo juu. Hata sasa, mshike akiwa ameelekea mkondo mpaka ajitoe mwenyewe mikononi. Ikichukua dakika kumi, kaa naye dakika kumi.

Swali la "mnawala?" linaendelea kutufuata. Wapita njia huuliza, wengine kwa wema, wengine kwa jicho la askari. Mama yangu naye ameniuliza kwa simu kutoka Musoma: umelipa, umekaa kwenye baridi siku nzima, umempata, halafu umemrudisha? Sijapata jibu la kumridhisha. Sheria ya mitoni inaruhusu kuchukua samaki wachache wadogo kwa siku, ila sheria ya chama chetu ni kuwarudisha wote, na nimechoka kuona mmoja wetu akizozana na jirani juu ya jambo lisilo na mjadala. Jibuni kwa upole na muonyeshe leseni. Kuvua bila leseni kunaweza kuleta faini ya hadi pauni 2,500, na chama hakitamlipia mtu.

Watoto walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Walio chini ya miaka 13 hawahitaji leseni. Wa 13 hadi 16 wanaihitaji ila ni bure, kwa hiyo wazazi msiseme gharama. Waleteni na viatu vya mvua.

Msaragambo wa kurekebisha vituo na kupunguza vichaka ufanyike kabla ya Machi kuanza, ndege wakishaanza kutaga hatutagusa tawi. Tunahitaji misumeno ya mkono, mtu mwenye tela, na wawili wasioogopa kuingia maji ya kifuani. Chai na sambusa zitakuwepo. Namba ya kufuli la geti itabadilika siku hiyohiyo, na watakaokuja watapewa palepale. Wengine watanipigia.

Mwenyekiti